Stelingi mmoja, msitu umejaa watu

Ukiwauliza kijiweni watu walioiona Behind Enemy Lines, wengi hawatakumbuka vita vyenyewe vilikuwa wapi. Watakumbuka kombora. Linafyatuliwa kutoka ardhini, rubani anakata kona, nalo linakata kona. Anapanda, nalo linapanda. Anajipenyeza kati ya milima, bado liko nyuma yake likiacha mkia wa moshi. Katika vibanda umiza, ambako watu hubanana kwenye mabenchi na kubishana kwa sauti kuhusu kitakachofuata, sehemu ile peke yake ilitosha kuhalalisha kiingilio. Kisha ndege inapasuka, viti viwili vinachomoka, na kuanzia hapo stelingi anawindwa katika misitu ya Bosnia.

Filamu hiyo ilitoka Novemba 2001. Aliyeiongoza ni John Moore wa Ireland, na ilikuwa sinema yake ndefu ya kwanza. Owen Wilson, ambaye watazamaji walishamzoea kwenye vichekesho, ni Luteni Chris Burnett, afisa anayekaa nyuma ya rubani katika ndege ya kivita ya F/A-18 inayoruka kutoka manowari ya Marekani. Gene Hackman ni Admirali Reigart, mkuu wake. Siku ya Krismasi Burnett na rubani wake wanatumwa kupiga picha za kawaida, wanatoka kidogo nje ya njia waliyopangiwa, na kamera yao inanasa kitu ambacho Jenerali Lokar wa Waserbia hakutaka kionekane: maiti zikifukiwa kwenye kaburi la halaiki. Ndiyo sababu wanatunguliwa. Rubani anauawa kwa risasi huku mwenzake akitazama kwa mbali, na mdunguaji mmoja asiyesema sana, aliyevaa suti ya michezo, anakabidhiwa kazi ya kumfuatilia aliyebaki.

Studio ya 20th Century Fox ilikusudia kuitoa mwaka 2002. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 ikaivuta mbele, na haihitaji shahada ya biashara kujua kwa nini: taifa lililojeruhiwa lilikuwa na kiu ya kumwona mtu wake akitoka hai mikononi mwa adui. Jeshi la majini liliruhusu kamera zipande kwenye manowari zake, na milima ya theluji ikapatikana Slovakia. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 40, mapato yakapita milioni 90. Kwa upande wa duka, basi, hakuna wa kumlaumu mtu.

Ila nyuma ya Burnett yupo mtu wa kweli, na huyo hakufurahishwa.

Tarehe 2 Juni 1995, Kapteni Scott O'Grady wa jeshi la anga la Marekani aliruka na F-16 kutoka kambi ya Aviano, Italia, kusimamia marufuku ya NATO dhidi ya ndege za kivita juu ya Bosnia. Alikuwa na mwenzake kwenye ndege ya pili. Waserbia wa Bosnia walikuwa wamehamishia karibu na mji wa Mrkonjić Grad mtambo wa makombora wa Kisovieti, ule ambao NATO huuita SA-6, na rada yake wakaiwasha dakika ya mwisho kabisa ili isigunduliwe. Angani hakukuwa na kukimbizana kokote. Kombora moja lililipuka katikati ya ndege hizo mbili, jingine likampiga O'Grady tumboni mwa ndege na kuikata vipande viwili. Mambo yote hayo ni ya sekunde chache. Chini mawingu yalikuwa yametanda, na mwenzake hakuona mwavuli ukifunguka.

Wa ardhini waliuona. O'Grady alitua mahali ambapo watu walikuwa wakimsubiri ashuke, akajifungua kamba za mwavuli, akakimbilia vichakani na kulala kifudifudi. Uso aliuzika udongoni. Mikono yenye glavu akaifunika kichwani na masikioni, ili ngozi yake nyeupe isionekane kati ya majani. Wenye bunduki walipita hatua chache kutoka alipolala. Na hivyo ndivyo alivyokaa, kwa sehemu kubwa, siku sita: mchana gogo, usiku anajisogeza kidogokidogo kutafuta mahali ambapo helikopta ingeweza kumfikia. Maji aliyokuwa nayo yalikuwa ya vifuko vidogo vya akiba. Yalipokwisha akangoja mvua, akawa anaifyonza kwa kipande cha sifongo na kuikamulia kwenye mfuko wa plastiki. Alikula majani. Alikula sisimizi. Redio yake ya mkononi aliitumia kwa ubahili mkubwa, maana adui naye ana masikio na mitambo ya kutafuta sauti inatoka wapi.

Usiku wa kuamkia Juni 8, saa nane na dakika chache, Kapteni Thomas Hanford, rubani wa kikosi chake, alikuwa bado angani akimwita huku mafuta yakipungua. Akasikia sauti hafifu ikitaja Basher 52, jina la redio la O'Grady. Hanford hakushangilia. Mtu yeyote aliyekamata redio ya mateka angeweza kutaja jina hilo na kuziita helikopta zije kuangamia. Akauliza: Korea ulikuwa kikosi gani? Sauti ikajibu, Juvats. Hilo ni jina la utani la kikosi cha marubani wa Marekani kilichokuwa Kunsan, na halimo kwenye karatasi yoyote ambayo mwanamgambo wa Bosnia angeweza kuiokota kwenye mabaki ya ndege.

Asubuhi hiyohiyo Marines kutoka manowari ya Kearsarge, wakiongozwa na Kanali Martin Berndt, waliingia na helikopta mbili kubwa za CH-53, helikopta za mashambulizi zikiwasindikiza na ndege za Harrier zikilinda juu. O'Grady alichomoka mitini mbio, bastola mkononi, akadakwa na kupandishwa. Wakati wa kurudi walirushiwa makombora na risasi. Moja ilipenya ndani ya helikopta na kuishia kwenye chupa ya maji ya askari mmoja.

Sasa linganisha na Burnett. Burnett anakimbia kweupe juu ya mlima wenye theluji, anapita kwenye kiwanda kilichotegwa mabomu ya nyaya huku kila kitu kikilipuka kisigino chake kikishaondoka, anabishana na wakubwa zake redioni. Mtu wa namna hiyo, kwa mafunzo yale aliyopewa O'Grady, angekamatwa kabla ya chakula cha mchana. Simlaumu mwongozaji sana. Nani atalipa kiingilio kutazama mwanamume amelala kichakani siku sita, akihesabu matone ya mvua? Hata wale mafundi wa kusimulia picha kwa Kiswahili, kina Lufufu wa huku kwetu na DJ Afro wa Kenya, ambao wanaweza kumtilia maneno mdomoni hata mtu anayepiga mswaki, wangeshindwa kukijaza kimya kile.

Lakini Moore analijua jambo hilo, kwa sababu mara moja tu analionyesha, na ndiyo sehemu bora ya filamu nzima kuliko hata kombora. Burnett anaangukia kwenye shimo la maiti. Askari wanakaribia. Anajilaza kati ya wafu, anajivutia mmoja juu yake, na anatulia. Kule manowarini wakubwa wanamtazama kwenye skrini ya setilaiti inayoonyesha joto la mwili: kivuli kimoja chenye uhai, vingine vimepoa, na askari wanaotembea juu yao wakichomachoma. Hakuna anayeweza kufanya lolote. Kwa dakika hizo chache sinema inaacha kuwa mchezo.

O'Grady alikwenda mahakamani Texas mwaka 2002. Aliishtaki Fox, pamoja na kampuni ya Discovery, ambayo ilikuwa imerusha makala ya video kuhusu mkasa wake ikiwa na jina lilelile la Behind Enemy Lines. Kwa maoni yake, mkasa wake ulikuwa unatumika kuuza sinema asiyohusika nayo. Tena stelingi wa sinema hiyo anatukana na kukaidi amri, mambo ambayo O'Grady, aliyeandika kitabu kizima kuhusu imani iliyomshikilia msituni, hakutaka yahusishwe naye. Shauri lake na Fox lilimalizwa kwa makubaliano.

Gene Hackman, aliyefariki Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 95, ana upekee katika sinema za namna hii: amekaa kwenye ncha zote mbili za redio. Kabla ya kuwa admirali anayesubiri, mwaka 1988 alikuwa yeye mwenyewe aliyeangushwa. Filamu ni Bat*21, ya Peter Markle, pamoja na Danny Glover kama rubani wa kindege kidogo anayezunguka juu na kuzungumza naye. Haina mbwembwe, ina uzee. Hackman anamcheza Luteni Kanali Iceal Hambleton, mtaalamu wa makombora mwenye miaka 53, tumbo limeanza kumtangulia, ambaye vita amevijua kupitia vitufe na ramani.

Hambleton alikuwepo kweli. Tarehe 2 Aprili 1972, Jumapili ya Pasaka, ndege yao ya EB-66 ilitunguliwa kaskazini ya Vietnam Kusini, wakati majeshi ya Kaskazini yakishuka kwa maelfu. Kati ya watu sita waliokuwemo, aliyewahi kuruka ni yeye peke yake. Akatua katikati ya jeshi zima. Kichwani alikuwa na siri nyingi mno za makombora za kuachiwa adui. Redio ilisikilizwa na pande zote, kwa hiyo walipotaka kumwelekeza atembee usiku kuelekea mtoni walitumia gofu, mchezo aliokuwa akiupenda kupita kiasi: walimtajia shimo fulani la kiwanja fulani alichowahi kuchezea, naye kwa kumbukumbu akajua aende upande gani na umbali gani. Ungekuwa ubunifu wa mwandishi wa sinema, tungesema amezidisha.

Kilichotokea pembeni ndicho kinachoumiza. Katika juhudi za kumtoa, watu 11 walikufa. Sita kati yao walikuwa ndani ya helikopta moja iliyoangushwa Aprili 6. Mwishowe anga lilishindikana, kazi ikapewa miguu na kasia: Luteni Thomas Norris, komandoo wa majini wa Marekani, na Nguyen Van Kiet, askari wa jeshi la majini la Vietnam Kusini, walivaa kama wavuvi, wakapanda mtumbwi usiku, wakapita katikati ya adui, wakamkuta Hambleton hoi, wakamlaza chini ya mtumbwi na kumfunika majani. Norris alipewa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya Marekani. Kiet alipewa Navy Cross, heshima ambayo hakuna mwanajeshi mwingine wa majini wa nchi yake aliyewahi kuipata katika vita vile.

Bat*21 inajitahidi. Inaonyesha watu wakifa kwa ajili ya mtu mmoja, na inamwacha Hackman aone haya, jambo ambalo sinema za vita za Marekani hazilipendi. Lakini mtumbwi haumo. Norris hayumo. Kiet, ambaye ndiye aliyekuwa nyumbani kwao, hayumo kabisa. Mambo yote yamebanwa yakawa urafiki wa watu wawili redioni.

Mikasa hii ilitufikia hata sisi, zamani, kabla ya kuwepo helikopta ya kumfuata mtu. Januari 6, 1917, Waingereza wawili, Edwin Moon na mwenzake Richard Bridgeman, walikuwa wakipeleleza ngome za Wajerumani juu ya delta ya Rufiji kwa ndege ya majini. Injini ikawagomea, wakashuka kwenye kijito. Wakaiharibu ndege isije ikamfaa adui, kisha wakaanza kutafuta njia ya kutokea. Anayeijua delta ile anajua kwamba hiyo si njia ya mtu mgeni: mikoko imeshikana, matope yanameza miguu, maji yakijaa nchi kavu uliyokuwa umesimama inapotea, na mamba hawachagui rangi ya kombati. Waliogelea kijito hadi kijito karibu bila chakula wala maji ya kunywa, wakaungaunga chelezo, chelezo kikachukuliwa na mkondo hadi baharini. Bridgeman hakuwa mwogeleaji mzuri. Alikufa kwa uchovu na baridi, Moon akijaribu kumwokoa. Jioni ya Januari 8 mawimbi yalimtupa Moon ufukweni, nguvu zimemwishia, na Wajerumani wakamchukua mateka. Baadaye alirudi kazini, akafa mwaka 1920 katika ajali ya ndege huko Felixstowe, Uingereza. Mkasa huo una kila kitu ambacho Hollywood hutafuta isipokuwa mwisho mzuri, na labda ndiyo maana hakuna aliyeugusa.

Turudi Bosnia, maana ugomvi wangu na Behind Enemy Lines uko huko. Hauhusu kombora wala kukimbia kweupe. Unahusu nani anaonekana msituni.

O'Grady aliokolewa Juni 8, 1995. Julai 11, mwezi mmoja na siku tatu baadaye, majeshi ya Waserbia wa Bosnia chini ya Jenerali Ratko Mladić yaliingia Srebrenica, mji uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa eneo salama. Wanawake, wazee na watoto walikimbilia kambi ya Waholanzi wa Umoja wa Mataifa pale Potočari. Wanaume na vijana, zaidi ya 10,000, waliamua kwenda kwa miguu hadi Tuzla, zaidi ya kilomita 100 kwa njia za milimani, katikati ya ardhi ya adui. Waliondoka usiku, mmoja nyuma ya mwenzake, kwa sababu njia ilikuwa na mabomu ya ardhini na aliye mbele ndiye anayekujulisha kama ni salama. Wachache walikuwa na silaha. Walipigwa mizinga, wakaviziwa, wakatawanyika. Waserbia walivaa kofia za buluu na kutumia magari waliyoyapora kwa askari wa Umoja wa Mataifa, wakawaita kwa vipaza sauti watoke, hakuna atakayewagusa. Waliotoka waliuawa. Nao walikula majani na konokono, nao walilala kifudifudi wenye bunduki wakipita. Wa kwanza walivuka upande wa pili Julai 16. Wengine walizunguka msituni kwa wiki, wengine kwa miezi. Jumla ya waliouawa katika mauaji yale ya kimbari ni kama 8,000.

Hao wote walikuwa nyuma ya mstari wa adui. Hawakuwa na redio, wala mtu wa kuwauliza walikuwa kikosi gani Korea.

Filamu inawajua, kwa namna yake. Zile picha za kaburi la halaiki ambazo Burnett anawindwa kwa ajili yake hazikutoka hewani: Agosti 10, 1995, Madeleine Albright, balozi wa Marekani, aliweka mbele ya Baraza la Usalama picha zilizopigwa kutoka angani zikionyesha udongo uliofukuliwa upya karibu na Srebrenica. Watengenezaji walilichukua tukio hilo, wakalivika mkasa wa O'Grady, wakabadilisha mkataba wa amani wa Dayton ukawa wa Cincinnati (walau waliubakiza Ohio), kisha Wabosnia wenyewe wakawagawia kazi tatu: kuua, kuwa maiti, na kumpokea stelingi kwa dakika chache njiani. Maiti zilizo shimoni zina kazi ya kumficha Mmarekani. Ni sehemu bora ya filamu, nilisema, na sikanushi. Lakini ndiyo hiyohiyo inayokaa vibaya kooni ukishajua kwamba mashimo yale yalikuwa na majina, na kwamba ndugu wa waliozikwa humo bado wanaitwa maabara kulinganisha damu na vipande vya mifupa.

Mwishoni maandishi yanatueleza kwamba Jenerali Lokar alitiwa hatiani na kufungwa maisha. Haraka hivyo, wimbo ukilia. Mladić wa kweli alikamatwa mwaka 2011, miaka 16 baada ya Srebrenica. Alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2017, na rufaa yake ikatupwa Juni 2021 na chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi za mahakama mbili, ya Yugoslavia na ya Rwanda, chenye ofisi The Hague na nyingine hapa kwetu Arusha.

Jina la filamu, kwa upande wake, liliendelea kuuza. Zimekuja Behind Enemy Lines nyingine tatu, ya Korea Kaskazini, ya Kolombia, na ya mwaka 2014 iliyopelekwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na makomandoo wake, na madini yake ya urani. Hiyo ya Kongo mtu anaweza kuikosa bila kupungukiwa na kitu.

Kwa mwenye wikiendi mkononi, ningempangia hivi. Aanze na Bat*21 mchana, polepole, amtazame Hackman akijifunza kuogopa akiwa mtu mzima. Usiku aweke Behind Enemy Lines, sauti juu, watoto wakubwa wakaribishwe, na kwenye kombora asimzuie mtu kupiga kelele. Kesho yake atafute Quo Vadis, Aida? ya Jasmila Žbanić, mwanamke wa Sarajevo, iliyotoka mwaka 2020 na kuteuliwa kuwania Oscar. Stelingi wake ni mwalimu anayefanya kazi ya ukalimani kwenye kambi ya Potočari, mume na wanawe wawili wakiwa kwenye umati uliokwama huko. Hakuna anayetunguliwa, na mlinzi wa lango ana orodha ya majina ya wanaoruhusiwa kubaki ndani.